Si Kweli Kwamba Wahafidhina Hawaitaki Serikali Katika Uchumi

Katika mabaraza ya Lamu, siasa za Marekani zikizungumzwa baada ya alasiri, husikika kwamba waliberali wanataka serikali ishike kila kitu na wahafidhina hawaitaki kabisa sokoni. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Agosti 1971 Richard Nixon, rais wa chama cha Republican kinachoegemea uhafidhina, alizuia bei na mishahara kupanda kwa siku 90, ilhali mwaka 1978 ni Rais Jimmy Carter wa Democrat, chama kinachoegemea uliberali, aliyetia saini sheria ya kuyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli. Hata bima ya afya ya wafanyakazi wa Ujerumani, ya mwaka 1883, ililetwa na Bismarck, kansela wa nchi hiyo na mhafidhina wa kupigiwa mfano, aliyetaka (kwa ujanja wake) kuwapokonya wasoshalisti wafuasi.

Wanachobishania hasa wahafidhina na waliberali ni kazi ipi serikali ifanye. Mvuvi wa Shela akipunjwa na mchuuzi wa pekee mwenye barafu, mhafidhina atataka ushuru upunguzwe ili wachuuzi wengine waje kushindana, na mliberali atataka serikali ijenge chumba cha baridi. Lakini hakuna kati yao atakayetaka gati la serikali libomolewe.