Chanzo cha daraja la tatu: kwa nini mhadhiri anaikata Wikipedia kwenye marejeo

Chanzo cha daraja la tatu ni maandishi yanayofupisha mambo ambayo wengine wamekwisha kuyachambua. Kamusi elezo zote zimo humo, za karatasi na za mtandaoni, pamoja na vitabu vingi vya kiada. Zinatanguliwa na chanzo cha msingi, yaani barua, sensa, ushahidi wa aliyeona kwa macho, na chanzo cha upili, yaani kazi ya mtafiti aliyepekua hayo ya msingi akajenga hoja yake.

Chukua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ripoti za maofisa wa Kijerumani ni chanzo cha msingi. Simulizi za wazee wa kusini mwa Tanzania, zilizokusanywa na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, nazo ni za msingi. Uchambuzi wa wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe ni wa upili. Ukurasa wa Wikipedia kuhusu vita hivyo unakuja baada ya wote hao.

Sasa angalia idadi ya waliokufa. Makadirio rasmi ya Wajerumani ni watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya jeshi la Gavana von Götzen kuteketeza mashamba na maghala ya chakula. Mwanafunzi anayeandika “walikufa watu 300,000” na kuweka Wikipedia kwenye mabano huenda hajaandika uongo wowote. Ila swali lililostahili insha nzima limempita: nani alikadiria, akitumia nini, na kwa nini mkoloni alipata namba ndogo kiasi kile? Ndiyo maana mhadhiri anachora mstari mwekundu, na wengi wetu tulidhani anaogopa teknolojia.

Hoja ya wanaoipinga Wikipedia, kwamba “mtu yeyote anaweza kuandika chochote”, ni ya kweli, lakini inatiwa chumvi. Mwaka 2005 jarida la sayansi la Nature liliwapa wataalamu makala za Wikipedia na za Britannica wazilinganishe, na likapata majibu yaliyofaa kwa mada 42 za sayansi. Walikuta wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala ya Wikipedia, na matatu hivi kwa Britannica. Britannica waliupinga utafiti huo vikali, lakini jambo moja lilibaki: hata kamusi elezo yenye wahariri wa kulipwa haikuwa safi.

Kinachotofautisha ukurasa na ukurasa ni macho. Makala ya Kiingereza kuhusu malaria inalindwa na watu wengi, na upuuzi ukiingizwa mara nyingi hufutwa upesi. Makala ya kijito kimoja huko milimani inaweza kukaa miaka bila mtu kuigusa. Kwa hiyo kuuliza kama “Wikipedia inaaminika” ni kuuliza kwa jumla mno. Inapimwa makala kwa makala, pengine hata sentensi kwa sentensi. Toleo la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, lina makala nyingi fupi zinazoitwa mbegu, na wahariri wake ni wachache. Matoleo madogo yana hatari zake. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za toleo la Kiskoti, lugha ya Uskoti, yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye lugha yenyewe hakuijua.

Baya kuliko kosa la kawaida ni kosa linalozunguka. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza kwa utani, kwenye makala ya mnyama aitwaye koati, kwamba huitwa pia “mhanga wa Brazili” (mhanga hapa ni yule mnyama mla mchwa). Jina alilibuni mwenyewe. Magazeti yakalichukua, likaingia hadi kwenye vitabu, kisha maandishi hayohayo yakawekwa Wikipedia kama uthibitisho. Mwanafunzi aliyejitahidi kutafuta vyanzo vitatu angevipata, vyote vikiwa vimekunywa kisima kimoja.

Basi isomwe vipi? Kama mlango. Soma makala upate ramani ya mada, majina na miaka, halafu shuka kwenye tanbihi. Sentensi isiyo na tanbihi usiitumie. Yenye tanbihi, fungua kilichotajwa ukisome, kwa sababu si mara zote kinasema kile kilichodaiwa juu. Ukikiona kinafaa, nukuu hicho. Pitia pia ukurasa wa majadiliano. Mara nyingi mabishano ya wahariri hukuonyesha jambo lenye utata kuliko makala yenyewe, na hapo ndipo mada nzuri za utafiti hujificha.

Kuna wakati kuinukuu Wikipedia ni halali kabisa: unapoichunguza yenyewe, kwa mfano jinsi makala ya mwanasiasa ilivyobadilika wakati wa uchaguzi. Hapo usinakili anwani ya kawaida ya ukurasa. Fungua historia ya ukurasa, chagua toleo ulilosoma, uchukue kiungo chake cha kudumu pamoja na tarehe na saa. Anwani ya kawaida itampeleka msomaji wako kwenye toleo la siku atakayoifungua, ambalo huenda sentensi uliyoinukuu haimo tena.