Je, wajua kwa nini karo, yaani shimo la majitaka ya nyumba, lisilojaa si la kusifiwa?

Ukipita Jambiani, Paje au Makunduchi hukosi kumsikia mwenye nyumba akijisifu: "Karo langu halijajaa tangu nilijenge." Fundi naye hupata sifa zake. Lakini hebu tujiulize: watu wanaoga, wanafua, choo kinatumika usiku na mchana, na gari la kunyonya majitaka halijawahi kuitwa. Maji hayo yamekwenda wapi?

Yamekwenda chini, kwenye maji yale yale tunayochota. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda: jiwe la matumbawe ya kale, limejaa nyufa na mapango, na udongo juu yake ni haba. Kwenye udongo mnene majitaka hupenya polepole, yakachujika, na bakteria waliomo wakala uchafu njiani. Kwenye uwanda yanashika ufa, yanateremka. Huko chini maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Ndiyo maana kisima kilicho karibu na pwani hupanda bahari inapojaa na kushuka inapokupwa. Karo, kisima na bahari vinaonana.

Na usiseme utachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, sawa, lakini majitaka huacha pia naitreti, kemikali inayoyeyuka kwenye maji, na hiyo haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwani ikizidi hupunguza uwezo wa damu yao kubeba oksijeni.

Hapo ndipo mtambo mdogo wa kijiji wa kusafisha majitaka unapohitajika. Usidhani ni mashine za kunguruma. Penye mteremko unaweza kufanya kazi bila umeme: vyumba vya zege visivyovuja, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, nacho kimesakafiwa chini ili tone lisipotee.

Chumba cha kwanza kazi yake ni kutuliza tu. Tope linazama, mafuta yanaelea. Vinavyofuata havina hewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni hula uchafu na kutoa gesi. Kazi ngumu iko kwenye kokoto. Okota moja uipapase: ina utelezi. Utelezi huo ni bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni. Penye oksijeni wanageuza amonia ya mkojo kuwa naitreti. Pasipo na oksijeni wengine wanaivunja naitreti ikawa naitrojeni, gesi ile ile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Matete yanasaidia kwa mizizi yake, lakini sifa yanayopewa imezidi kidogo.

Kwa bahari faida ni kubwa. Matumbawe hai hustawi kwenye maji yenye rutuba ndogo. Majitaka ni mbolea, na mbolea hiyo inaotesha mwani mwembamba wa kuteleza unaofunika matumbawe. Wakulima wa mwani wasifurahie mbolea ya bure: huo mwembamba hujishika pia kwenye kamba na kwenye mwani wao, ukaunyima mwanga.

Maji yanayotoka mwisho si ya kunywa. Yamwagiliwe minazi na migomba, si mboga za kachumbari. Tope nalo linyonywe kila baada ya miaka michache na likaushwe muda mrefu, kwani mayai ya minyoo ni sugu.

Mtambo wenyewe mara nyingi huuawa na jiko. Mafuta ya kukaangia ya mikahawa yakiachwa yapite, kokoto zinaziba. Dawa kali ya kusafishia choo ikimwagwa kwa ndoo, bakteria wanakufa. Kwa hiyo kijiji kinachotaka mtambo kianze na mtego wa mafuta kwenye kila jiko la biashara, na mtu mmoja anayelipwa kuusafisha kila wiki. Kamati ya kujitolea, kwa nionavyo, haifiki mbali.