Uzamili Ujerumani: Yanayosemwa na Yaliyopo

Kabla sijaondoka Dar es Salaam, karibu kila aliyekuja kuniaga alikuwa na la kunieleza kuhusu masomo ya Ujerumani, na mengi kati ya hayo yalikuwa nusu ya kweli.

Lililorudiwa zaidi ni kwamba kusoma huko ni bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, isipokuwa mchango wa kila muhula; lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Zaidi ya hapo, mwombaji viza asiye na ufadhili wala mdhamini hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima, ambazo Septemba 2024 zilipandishwa hadi euro 11,904, na kwa kawaida huziweka katika akaunti maalumu ya benki inayomruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Familia iliyouza kiwanja ili mtoto akasome “bure” inaelewa vizuri tofauti hiyo.

Dhana nyingine haisemwi na mtu, kwa kuwa kila mmoja wetu hufika nayo kichwani: kwamba alama kubwa ndiyo nzuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huhesabu GPA, yaani wastani wa alama, hadi 5.0, ilhali Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 5.0 ni kufeli. Kwa kanuni ya ugeuzaji inayojulikana kama fomula ya Bavaria, GPA ya 4.6, ikiwa alama ya chini ya kufaulu ni 2.0, huwa 1.4. Nilipoona 1.7 katika matokeo yangu ya kwanza, nilianza kujiandaa kwa supu, yaani mtihani wa marudio.

Kuhusu Wajerumani na saa, niseme tu kwamba ratiba yenye herufi “c.t.” humaanisha kipindi huanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Siku ya kwanza nilikaa peke yangu ukumbini kwa dakika 25.

Dhana niliyochelewa kuiacha ni kwamba mwalimu asiyekufuatilia hakujali. Katika kozi yangu hapakuwa na mahudhurio ya kusainiwa wala majaribio ya katikati ya muhula ya kukusanyia alama; alama ya somo zima ilitegemea mtihani mmoja au insha moja ya mwisho, na hata kujiandikisha kwa mtihani huo lilikuwa jukumu la mwanafunzi mwenyewe, ambaye akipitwa na tarehe haruhusiwi kuufanya. Uhuru huo una makali yake, kwa sababu idadi ya nafasi za kurudia mtihani huwekewa kikomo na kanuni za masomo, na anayeshindwa nafasi ya mwisho katika somo la lazima huondolewa katika programu, yaani kile ambacho nyumbani tunakiita kudisko.

Mimi niliuona ukimya wa profesa wangu kuwa dharau, hasa kwa kuwa barua pepe yangu ndefu, iliyojaa heshima na shukrani, ilijibiwa kwa mstari mmoja: “Njoo Jumanne, saa nane.” Nilipokwenda, hakuniuliza habari za nyumbani wala za safari. Aliniomba maoni yangu kuhusu makala tuliyosoma, nami nikamweleza kwa ufasaha aliyoyasema mwandishi. Akasubiri. Kisha akauliza, “Na wewe unakubaliana naye?” Sikuwa na jibu, kwani sikuwahi kufikiri kwamba ningeulizwa. Tulizungumza karibu saa nzima, na niliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameandaa pingamizi tatu dhidi ya hoja yangu.