Je, wajua kwa nini ulimwengu unaopanuka hauna njia ya kurudi jana?

Tuseme upo mtambo wa kukurudisha nyuma kwa saa 24 kamili bila kukusogeza hata hatua moja. Ungetokea wapi? Jua, likiwa na Dunia na sayari nyingine zote, linakwenda kwa takriban kilomita 370 kwa sekunde, ukipima mwendo wake kwa kuulinganisha na mnururisho hafifu uliojaa kila pembe ya ulimwengu tangu Mlipuko Mkuu. Kwa siku moja hizo ni kilomita milioni 32 hivi. Ungetokea kwenye giza tupu, na Dunia ya jana ikiwa mbali nawe zaidi ya mara 80 ya umbali wa Mwezi.

Wengi wakiwaza safari ya wakati huishia kwenye kitendawili hicho cha Dunia kuhama. Kuna kikwazo kikubwa zaidi, nacho hakitatuliwi kwa kupiga hesabu nzuri ya mahali pa kutua. Kimo ndani ya umbo la ulimwengu wenyewe.

Milinganyo aliyoikamilisha Einstein mwaka 1915 inaeleza jinsi maada inavyopinda anga na wakati kwa pamoja. Ukiisoma mstari kwa mstari hutakuta katazo la kurudi nyuma. Aliyelithibitisha hilo ni rafiki yake, mwanahisabati Kurt Gödel, ambaye alikuwa akitembea naye kwa miguu huko Princeton, Marekani, wakizungumza. Mwaka 1949, Einstein alipotimiza miaka 70, Gödel alichangia insha katika kitabu cha kumuenzi, na insha hiyo ilikuwa zawadi ya ajabu: alionyesha kuwa milinganyo ileile inakubali ulimwengu ambao maada yake yote inazunguka, na ndani yake msafiri anaweza kuondoka leo akafika jana.

Namna inavyowezekana inastahili kuelezwa polepole. Popote ulipo, mbele yako kuna matukio unayoweza kuyafikia bila kuushinda mwanga mbio. Hayo ndiyo mustakabali wako. Katika ulimwengu wa Gödel, mzunguko wa maada unauinamisha mustakabali huo, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kuinama. Mwishowe unalala ubavu kabisa. Msafiri akizunguka duara kubwa vya kutosha, kila sekunde saa yake inasonga mbele kama kawaida, wala haupiti mwanga hata mara moja, lakini akilifunga duara anajikuta amefika kabla ya kuondoka. Gödel alikokotoa hata mwendo unaotakiwa: chombo kiende angalau asilimia 71 ya mwendo wa mwanga, yaani kama kilomita 212,000 kwa sekunde. Einstein katika jibu lake hakulikataa jambo hilo. Alisema lingefaa kuchunguzwa kama sababu za kifizikia zinaweza kuuondoa ulimwengu wa namna hiyo.

Sababu ipo, na ndiyo kiini cha makala hii. Ulimwengu ule wa Gödel unazunguka lakini haupanuki. Wetu unapanuka. Alexander Friedmann wa Urusi alikuwa ameshauona upanukaji katika hesabu mwaka 1922, Georges Lemaître wa Ubelgiji akaufikia kwa njia yake mwaka 1927, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi.

Kupanuka kunaupa ulimwengu kitu ambacho ule wa Gödel hauna: saa moja ya wote. Katika uhusianifu, yaani nadharia ya Einstein kuhusu anga na wakati, watu wawili wanaopishana kwa kasi hawakubaliani kuhusu neno "sasa". Lakini ulimwengu unapopanuka sawasawa pande zote, mnururisho ule wa mwanzo unapoa, na yeyote anayechukuliwa na upanukaji, hata akiwa galaksi ya mbali kiasi gani, anaweza kuchomeka kipimajoto chake angani na kujua ni zama zipi. Arno Penzias na Robert Wilson waliugundua mnururisho huo na matokeo yao yakatangazwa mwaka 1965. Leo una kelvini 2.7 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kwenye baridi ya mwisho kabisa). Umbali kati ya galaksi ulipokuwa nusu ya ule wa sasa, kama miaka bilioni 8 iliyopita, ulikuwa na kelvini 5.4. Hili halikubaki kwenye karatasi: wanaastronomia wamepima joto hilo kwenye mawingu ya gesi yaliyo mbali sana, ambayo mwanga wake ulitoka zamani, na wamekuta lilikuwa juu zaidi, kama hesabu inavyodai.

Sasa mchukue msafiri yeyote umwachie humo. Aende kasi, aende polepole, apinde kushoto au kulia: maadamu haushindi mwanga mbio, kila hatua yake inamtoa kwenye ulimwengu mdogo wenye joto na kumpeleka kwenye mkubwa uliopoa. Kwa mwendo wake anaweza kubadilisha idadi ya sekunde zitakazohesabiwa na saa yake njiani. Mwelekeo wa wakati hawezi kuubadilisha. Duara la Gödel halifungi, kwa sababu ili lifunge lazima msafiri aukute tena ulimwengu ukiwa na joto alilokwisha kuliacha. Gödel mwenyewe, katika hotuba kwa wanahisabati mwaka 1950, alieleza ulimwengu unaozunguka na papo hapo kupanuka, ambamo njia za kurudi nyuma hazipo. Na mzunguko wenyewe? Mwaka 2016 watafiti waliochambua data ya Planck, setilaiti iliyopima mnururisho ule wa mwanzo, hawakuona dalili yoyote kwamba ulimwengu wetu unazunguka.

Kuna wanaouliza: je, ulimwengu ukianza kusinyaa, wakati hautarudi nyuma? Mwanafizikia Stephen Hawking aliwahi kufikiri hivyo, kisha akakiri kuwa alikosea. Ulimwengu unaosinyaa ungepata joto upya, lakini vikombe vilivyovunjika havingejiunga tena.

Haya yote yanahusu ulimwengu kwa ujumla wake. Katika sehemu ndogondogo zilizopinda vibaya, kama ndani kabisa ya shimo jeusi linalozunguka, hesabu bado zinaacha mianya, na mwaka 1992 Hawking alipendekeza kuwa maumbile huiziba kabla haijatumika. Pendekezo hilo halijathibitishwa.

Kwenda mbele, kwa upande mwingine, ni ruksa, na tayari tunakwenda. Saa za atomi kwenye setilaiti za GPS huzitangulia za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 kila siku, na zisiporekebishwa ramani ya simu yako ingepotea kwa kilomita kadhaa kwa siku. Ukipata chombo kinachoongeza mwendo mfululizo kwa kiwango cha uvutano wa Dunia, nusu ya njia kikikaza na nusu kikipunguza, utafika galaksi ya Andromeda ukiwa umezeeka kwa miaka 28 hivi, huku Dunia ikiwa imepitisha miaka milioni 2.5.

Hata humo upanukaji una neno lake. Tangu mwaka 1998 tunajua kuwa unaongeza kasi, na galaksi iliyo mbali nasi zaidi ya miaka ya nuru bilioni 16 au 17 hivi leo (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) haiwezi kufikiwa hata na mwanga unaotoka hapa sasa. Anayetumia mwendo kuruka mbele sana, akapita miaka mabilioni kwa muda mfupi wa saa yake, ataona mpaka huo ukifanya kazi nyuma yake pia: akienda mbali vya kutosha kisha akageuza chombo, anga iliyopo kati yake na nyumbani itakuwa inakua haraka kuliko anavyoweza kuivuka.