Fuvu juu ya lango la makaburi si uchawi

Ukiona fuvu na mifupa miwili iliyopishana juu ya lango la makaburi ya kale ya parokia Katoliki huko Ulaya, usikimbilie kusema ni uchawi au Frimasoni. Ni mahubiri ya mawe: kumbuka nawe utakufa. Pengine huandikwa hapo kwa Kilatini "Hodie mihi, cras tibi", yaani leo mimi, kesho wewe. (Maneno makali kwa mfiwa, nakiri.) Tena Golgota, aliposulubiwa Yesu, maana yake ni Fuvu la Kichwa, ndiyo maana wachoraji wengi huweka fuvu, lisemwalo kuwa la Adamu, chini ya msalaba. Bendera za maharamia zenye fuvu zilivuma baadaye, karne ya 18.