Nishati Safi ya Kupikia na Kikomo cha Uniti 75

Tangu ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, malalamiko tunayoyapokea kutoka mitaa ya Dar es Salaam yamebadilika: waliokuwa wakilalamikia kukosa umeme sasa wanalalamikia gharama ya kuupikia.

Mama mmoja wa Buguruni alinionyesha jiko lake la presha la umeme likiwa limerudishwa kwenye boksi, juu yake amepanga mafungu ya vitunguu vya kuuza, huku maharage yakichemka pembeni kwa mkaa wa kopo. Alishikilia kwamba mita yake inakula umeme. Mita haili umeme, na dhana hiyo tumeijibu mara nyingi mno; kilichobadilika ni kundi lake la bei. Mama huyu alikuwa kundi la D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, ambalo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo iwapo matumizi hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi; alipoanza kupikia umeme alivuka kikomo, akahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, kwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kodi na tozo zikijumlishwa, uniti 75 za D1 ni shilingi 9,150, na uniti hizo hizo kwa T1 hukaribia shilingi 26,700.

Kwa maoni yangu, kikomo kinachoitosha kaya ya taa, televisheni na kuchaji simu hakiwezi kubaki vilevile pale tunapoihimiza kaya hiyo iache mkaa, na mabadiliko ya nishati yatakuwa ya haki iwapo anayehama hataadhibiwa kwa kuhama. Muuza mkaa wa Tandika naye anastahili mtaji wa kuingia kwenye biashara ya gesi kabla wateja hawajamkimbia.

Bei za umeme hazipangwi barabarani. Ombi la kubadilisha bei linapowasilishwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wadau huitwa kwenye mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya umma, na maoni ya maandishi hupokelewa pia. Andika namba ya mita, idadi ya watu nyumbani na matumizi ya kila mwezi kabla na baada ya kununua jiko, kisha ambatisha risiti za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Lalamiko binafsi huanzia kwa mtoa huduma, na usiporidhika ndipo uende EWURA, kisha kwa rufaa Baraza la Ushindani. Anayeruka hatua ya kwanza hurudishwa. Kuchezea mita ili kupikia bure ni kosa la jinai.

Mama wa Buguruni amekubali kuandika. Jirani zake walio D1, ambao wameahirisha kununua majiko kwa kuiogopa T1, nao waandike, kwa sababu hofu yao haionekani kwenye risiti yoyote.