Alumini Udongoni: Kwa Nini Mizizi Hudumaa Kwenye Udongo Wenye Asidi

Mmea unapodumaa na majani yake kuingia rangi ya zambarau, wengi huamua kwamba udongo umepungukiwa na fosforasi, wakaongeza mbolea. Mara nyingi uamuzi huo huwa sahihi, lakini kwenye udongo wenye asidi kali tunawasihi wakulima wachimbe kwanza na kuitazama mizizi, kwa kuwa huenda mzizi wenyewe ndio umeshindwa kukifikia chakula kilichopo.

Alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake, na kwa kawaida haidhuru mimea kwa sababu imefungwa ndani ya madini ya udongo. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kinapokuwa chini ya 5.5, na hasa chini ya 5, sehemu yake huyeyuka katika maji ya udongo na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hapa chaji tatu chanya, ambazo ni sumu kwa mizizi hata zikiwa kidogo sana.

Kinachoumia kwanza ni ncha ya mzizi, yaani zile milimita chache za mwisho ambamo seli mpya huzaliwa na kurefuka. Alumini hujishikiza kwenye pektini, ile gundi ya kuta za seli, na kuchukua nafasi ya kalsiamu, hata ukuta uliopaswa kutanuka ukakakamaa. Katika mimea isiyostahimili, mzizi huanza kupunguza kasi ya kurefuka ndani ya saa chache tu, muda mrefu kabla ya jani kuonyesha dalili yoyote. Mche wa namna hiyo ukichimbuliwa kwa uangalifu na kuoshwa, mizizi yake huonekana mifupi, minene, ya kahawia na myepesi kukatika. Ile ya pembeni imeishia kuwa vishina vifupi, na vinyweleo ni haba. Mizizi hiyo haiwezi kuyafuata maji chini, ndiyo maana mimea hunyauka mapema jua linapokaza ilhali tabaka la chini lingali na unyevu. Isitoshe, alumini huinasa fosforasi udongoni, hivyo mbolea ikaleta faida ndogo kuliko ilivyotarajiwa.

Mimea haiko sawa katika jambo hili. Aina fulani za ngano hutoa asidi ya maliki kwenye ncha za mizizi, nayo huifunga alumini kabla haijaingia. Mtama unaostahimili hutumia asidi ya sitriki. Chai hufika mbali zaidi, kwani huihifadhi alumini katika majani yake bila kudhurika.

Tiba kuu ni chokaa ya kilimo, ambayo hupandisha pH na kuirudisha alumini katika hali isiyoyeyuka. Hata hivyo, chokaa husafiri polepole sana kwenda chini, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo: tabaka la juu limepona, lakini mizizi inagota kwenye asidi iliyo chini yake. Jasi, madini yenye kalsiamu na salfa, haipandishi pH kwa kiasi cha maana, ila huyeyuka na kupeleka kalsiamu chini, ikapunguza makali ya alumini huko. Samadi na mboji nazo husaidia kuifunga. Kwa kuwa tabaka la chini linaweza kubaki na asidi hata la juu likipona, sampuli za kupima zichukuliwe katika vina viwili, sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, na vipimo virudiwe kila baada ya misimu michache, hasa panapotumika mbolea za amonia, ambazo huongeza asidi udongoni.